Lady ni Mtu wa Kukanda Unga

Mwaka ule mama yangu aliponunua simu yake ya kwanza, mimi nilikuwa mhariri mdogo katika kampuni moja ya vitabu vya shule kule Westlands. Tulikuwa tunatayarisha kitabu cha Kiingereza cha kidato cha pili, na mkubwa wangu alinipa kazi ya kuandika visanduku, yaani vile vijisehemu vyenye rangi pembeni mwa ukurasa. Alitaka kumi na viwili, vyote kuhusu asili ya maneno ya zamani ya Kiingereza. "Kitu cha kuchangamsha watoto," alisema.

Kila Jumatano nilishuka mjini hadi maktaba iliyokuwa na kamusi kubwa, ile ya mabuku mengi ambayo hairuhusiwi kutoka. Mtu alikuwa amechana kurasa kadhaa katika buku la herufi H, na kila mara niliporudi kwa mhudumu kuuliza kama kuna nakala nyingine, alinijibu bila kuinua macho, "Ni hiyo tu." Hata hivyo nilipata mambo. Niligundua kwamba silly, neno ambalo walimu wetu walitutukana nalo, hapo kale lilimaanisha mtu aliyebarikiwa. Girl alikuwa mtoto yeyote, hata wa kiume. Lord alikuwa mlinzi wa mkate.

Halafu nikafika kwenye lady. Lilitokana na maneno mawili, mkate na kukanda. Lady alikuwa mtu wa kukanda unga.

Nilisoma mara tatu. Mama yangu alikuwa mpishi katika mtaa wa matajiri wa Kitisuru, mwaka wa kumi na mbili sasa, kwa mwanamke wa Kiingereza ambaye hakula mkate wa dukani. Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, mama alikanda unga wa mwenye nyumba, naye mwenye nyumba ndiye aliyeitwa lady.

Niliandika kisanduku hicho kwa uangalifu kuliko vyote. Mkubwa wangu alikisoma akiwa amesimama.

"Hii itatoka kwa mtihani?"

"Haitatoka, lakini mwanafunzi akijua neno limetoka wapi..."

"Mzazi hanunui kitabu ndio mtoto ajue mkate." Akapiga mstari juu ya ukurasa, kisha juu ya vile vingine kumi na kimoja. "Weka misamiati ya insha. Ijumaa nataka iwe tayari."

"Si ni wewe ulisema kitu cha kuchangamsha?"

"Nilisema. Sasa nimebadilisha."

Jumapili nilienda kwa mama, kwenye chumba alichopanga Kangemi, nikiwa bado nimefura kwa hasira. Nilimweleza yote alipokuwa akichambua mboga. Nilitaka angalau mtu mmoja alisikie lile neno.

"Kwa hivyo lady ni mimi," alisema.

"Ni wewe, mama."

Alicheka sana, akanifanya nirudie. Nilirudi nyumbani Kileleshwa nikijiona nimefanya jambo la maana.

Jumapili iliyofuata hakucheka. Nilipomwuliza kuna nini, alimenya viazi viwili kwanza ndipo akajibu.

"Nilimwambia Madam lile neno lako."

"Akasema?"

"Alifurahi. Akasema una akili. Halafu Jumamosi akawa na wageni wa chamcha, watu kama wanane hivi. Nikasikia ananiita. Nikatoka jikoni na mikono imejaa unga. Akawaambia, huyu ndiye lady wa kweli wa nyumba hii, mimi ni mdanganyifu tu. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akasimama akaniinamia hivi." Alinionyesha, kisu mkononi. "Sasa mimi nifanye nini? Nisimame? Nirudi? Nikasema thank you, nikaenda kutoa sahani."

Damu ilinipanda. Nilimwambia nitapanda Kitisuru kesho yake nikaongee na huyo mwanamke.

"Uende useme nini?" mama aliuliza. "Kwamba mama yako alisifiwa?"

Hapakuwa na tusi la kulalamikia. Yule mwanamke alikuwa amerudia maneno yangu mwenyewe, karibu yote, tena kwa heshima. Nilijaribu kusema pole.

"Pole ya nini? Wewe ulisoma kitu ukaniletea kwa mapenzi. Lakini hadithi yako ya vitabu, wacha ikae kwa vitabu."

Nilitaka kumwambia kwamba hata kwenye vitabu haikukaa. Nikaona haya. Tulikula, akaniuliza habari za bosi wangu, nikasema yuko sawa.

Kitabu kilitoka Januari kikiwa na misamiati ya insha pembeni, na shule nyingi zilikinunua. Mkubwa wangu alinipongeza mbele ya ofisi nzima. Mama alifanya kazi Kitisuru miaka mitatu zaidi, mpaka kifundo cha mkono wa kulia kilipokataa kukanda. Muda wote huo, aliniambia baadaye, yule mwanamke aliingia jikoni kila asubuhi akitabasamu, akamsalimia, "Good morning, my lady." Naye mama alijibu, "Good morning, Madam," akaendelea na unga.