Mbegu Zilizokaangwa

Jirani anakaanga mbegu za maboga, na harufu inanirudisha utotoni Kabambare, kwenye jiko la mama.

Wazungu walilazimisha kila nyumba kulima pamba. Mama alizikaanga mbegu za pamba kwa siri kabla baba hajazipanda, zisiote, tupate nafasi ya muhogo. Siku moja kapita, msimamizi wa pamba, alikuja na askari aliyeshika kamba, kuuliza kwa nini pamba haikuota shambani mwetu. Mama akampa kapita kiti; baba akasimama kando.

"Bwana kapita, bibi yako iko muzima?"

"Muzima."

"Na watoto? Na ile jino?"

"Ingali inauma, mama. Hailali."

Wakaendelea hivyo mpaka askari akaiweka kamba chini. Nilichukia maneno yale matupu. Kumbembeleza adui! Nilitaka mtu aseme jambo la maana, nikauliza mbele yao:

"Mama, mbegu ikikaangwa inaweza kuota?"

Kapita akacheka. "Ee, huyu mutoto iko na akili."

Askari akaokota kamba, akamfunga baba.

Mama hakunipiga. Ila tangu siku ile aliniuliza neno moja tu kila asubuhi.

"Uko muzima?"

"Muzima, mama."