Balozi Albano na Utani Usiojibiwa

Mtoni nzima hakuna aliyeniweza kwa utani, na msinibishie. Shule niliiacha darasa la pili, mwalimu alikuwa hana jipya. Mtu mmoja tu alikuwaga ananitoa jasho: Albano, fundi seremala, balozi wetu wa nyumba kumi wa TANU. Mie Mnyamwezi, yeye Mngoni, watani toka mababu. Nikitokea tu kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ananipokea mbele za watu: mpagazi, tua mzigo upumzike. Na mie namwuliza kama panya wake wameiva. Foleni inacheka mpaka inasahau njaa.

Zahanati walishamwambia ana presha. Akapewa vidonge, akameza mpaka kichwa kikaacha kuuma, akaviweka. Sie wote tulijua hivyo, kichwa kikitulia presha imekwisha. Na alivyokuwa anakoroma, pumzi inakatika kisha inarudi kwa kishindo, tukasema ndio usingizi wa mwanaume huo.

Asubuhi moja anapiga randa, mkono wa kulia ukaachia, mdomo ukaenda upande. Wengine wakasema upepo mbaya, wengine katupiwa sababu ya ubalozi. Hospitali wakasema kiharusi. Mie, kwa ujuzi wangu, nikamshauri daktari ulimi usuguliwe asali, umekakamaa tu. Hakunicheka. Akaeleza kwamba presha yenyewe haiumi, damu inasukuma mishipa kwa nguvu hata kichwa kikiwa kimetulia, na sasa mshipa umepasuka ndani ya ubongo.

“Ulimi wake mzima,” akasema. “Imeumia ile sehemu ya ubongo inayotafuta maneno. Anakusikia, anakuelewa yote.”

Basi nikajua dawa ninayo mie. Mngoni gani atatukanwa na Mnyamwezi asirudishe? Kila jioni nikawa naenda kumchokoza. Nikamwambia babu zake walikuja huku wanakimbia kipigo, wakasingizia wanavamia. Nikamwambia mkewe, Yustina, namrithi yeye angali hai. Majirani wanashika mbavu. Albano anacheka nusu uso, anafungua mdomo, mishipa ya shingo inamsimama, inatoka “ta, ta”, basi. Natoka nje natamba: kesho ananijibu huyu. Kiangazi kikapita, masika yakaja, ubalozi akapewa mwingine. Bado ni ta.

Siku moja Yustina akanisindikiza mpaka nje, kashika pindo la kanga mdomoni.

“Shemeji, usimtanie tena.”

Nikamwambia ndiyo tiba hiyo, tukimnyamazia ndio tunamzika.

“Jibu analo. Naliona linamfika hapa kooni. Ukishaondoka analia mpaka usingizi unamchukua.”

Nikaenda zangu nyumbani, siku hiyo sikutamba.

Sasa nikienda namwamkia kama mtu baki, nakaa. Wageni wananitazama nianze, wacheke. Sianzi. Albano naye ananikazia macho, kama anauliza amenikosea nini.