Nenosiri la Mama

Mimi ni mtu wa kufunga milango. Kule Kitale ninakofundisha kompyuta, katika chuo kimoja kidogo, wanafunzi wananijua kwa maneno yangu ya wiki ya kwanza: mtandao usio na nenosiri la maana ni nyumba isiyo na mlango, na mwenye nyumba akiibiwa asilie. Nimeyasema mara nyingi mpaka siku hizi huyamalizia wenyewe huku wakicheka. Kwa hiyo niliyoyafanya nyumbani kwetu Bungoma sikuyafanya kwa kutojua. Niliyafanya kwa kujua sana, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Mama alifariki mahindi yakiwa yamefika magotini. Presha ilimpanda Jumatano, Alhamisi hatukuwa naye. Jumanne yake alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikaona dakika tatu, nikasema, ah, Mama na hadithi zake za kuku, nitasikiliza nikimaliza. Baada ya mazishi niliogopa kuufungua. Ukakaa vile vile kwenye simu yangu na alama yake ya kuonyesha haujasikilizwa.

Baba akabaki peke yake na ng'ombe wawili na nyumba kubwa. Mimi ni kifungua mimba, nikaamua kila jioni nitamwona uso kwa uso kwa simu, nijue amekula. Lakini kila nikipiga, picha inaganda. Baba anabaki kinywa wazi, mkono hewani, halafu inakatika. Nikapiga wiki tatu hivyo hivyo. Mimi huzuni ikinizidi huwa inageuka hasira, na hasira yangu lazima ipate mtu wa kumwangukia.

Jumapili moja nikateremka Bungoma na kompyuta yangu na waya. Rauta ilikuwa juu ya kabati la vyombo, pale Mama alipoiweka. Yeye ndiye aliyeitaka waifai, na fundi alipokuja kuifunga, yeye ndiye aliyemwambia nenosiri liwe lipi. Mimi sikuwahi kumwuliza. Nilikuja nyumbani mara moja moja, na nikija nilitumia bando langu, maana sikukaa.

Nikachomeka waya, nikaingia ndani ya rauta kwa namba zilizobandikwa chini yake, ambazo hakuna aliyewahi kuzibadilisha. Nikafungua orodha ya simu zilizounganishwa. Zilikuwa kumi.

"Baba, humu kuna simu kumi," nikamwambia. "Yako ni moja. Hizi tisa ni za nani?"

Baba alikuwa anapangusa ndoo ya maziwa. "Za watu," akasema.

"Watu gani?"

"Watu wa hapa. Mama yako alikuwa anawapatia."

Nikatoka nje. Kando ya ua wa michongoma, upande wao, alikuwa ameketi jirani yetu, mama mjane ambaye tangu utotoni tunamwita shangazi. Alikuwa kwenye kigoda, simu ameiinua mbele ya uso, anaongea na mwanawe anayefanya kazi Uarabuni. Kumbe kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakaa pale pale. Mtu mwingine angemsalimia.

"Shangazi," nikamwambia, "waifai si maji ya kisima. Baba hata hawezi kuongea na watoto wake. Si mnunue bando kama watu wengine?"

Akaniangalia. Yule mama ndiye aliyeosha mwili wa mama yangu. "Sawa, mwalimu," akasema, na akamuaga mwanawe taratibu, akabeba kigoda chake.

Nikarudi ndani nikafanya kazi safi, ile ninayowapa wanafunzi alama kwayo. Nikabadilisha jina la mtandao. Nikachagua usalama wa daraja la juu. Lile nenosiri la zamani lilionekana kama vitone tu, na pembeni kulikuwa na kijicho ambacho ukikibonyeza linasomeka. Sikukibonyeza. Lilinihusu nini? Nikaandika langu juu yake, herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama. Halafu nikachukua simu ya Baba, nikaingia kwenye mtandao wa zamani, nikabonyeza "Sahau," nikamwekea mpya. Jioni ile nikampigia kutoka Kitale na uso wake ulikuwa safi kama yuko chumba cha pili. Nikalala nimejisifu.

Siku ya nne yake Baba akanipigia yeye mwenyewe, kitu ambacho si kawaida yake.

"Mwalimu," akasema, "hiyo dawa yako imefanya simu ya mama yako isipokee."

"Ipokee nini, Baba?"

"Mambo yangu," akasema.

Jumamosi nilikuwa kwake kabla ya saa nne. Simu ya Mama ilikuwa kwenye rafu ya sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, imechomekwa kwenye chaja. Ilikuwa imechomekwa hivyo tangu siku ya mazishi. Nilikuwa nimepita mbele yake Jumapili ile nikihangaika na waya zangu na sikuiona. Katika zile tisa za watu, moja ilikuwa hii.

Baba akanipa simu yake, na akatazama pembeni nilipokuwa nikiangalia. Kila jioni akimaliza kukamua alikuwa amemtumia Mama ujumbe wa sauti. Dakika moja, dakika mbili. Kila mmoja ulikuwa na alama zake mbili za kuonyesha umefika. Kuanzia ile Jumapili yangu, jumbe zilikuwa na alama moja tu. Zote sita. Sikusikiliza hata mmoja, hayo hayakuwa yangu.

"Usinione nimechanganyikiwa," akasema. "Mimi najua amekufa, si ni mimi nilionyesha watu pa kuchimba? Lakini nikisema maneno hapa, nisikie pale kwa rafu inalia, basi najua imefika mahali. Sasa hailii. Ni kama nimenyimwa salamu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikafanya ile kazi ya fundi ya kujifanya nina haraka. Laini ya Mama haikuwa na bando. Kuifungua simu yenyewe niiwekee nenosiri jipya haikuwezekana, kwa sababu ilikuwa inafunguliwa kwa kidole chake, na kidole tulikizika. Namba zake za siri hakuna aliyezijua. Nikajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, nikajaribu wa harusi yao, nikaacha, nisije nikaifunga kabisa. Njia ilikuwa moja. Rauta irudishiwe jina la zamani na nenosiri la zamani, herufi kwa herufi, na simu ya Mama itaingia yenyewe bila kuguswa. Jina Baba alilikumbuka. Nenosiri hakulijua, maana Mama ndiye aliyemwekea kwenye simu, na mimi nilikuwa nimeiambia simu hiyo hiyo isahau.

Lilikuwa limebaki kwenye simu za wale niliowafukuza.

Kwetu huendi kwa mtu uliyemkosea mikono mitupu, na huanzi na shida yako. Nikanunua kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikazunguka hadi lango la shangazi, sikupitia kwenye upenyo wa ua kama tulivyozoea. Sikuona ninastahili upenyo. Alikuwa anaepua mahindi aliyochemsha.

"Karibu, mwalimu," akasema. Lile neno mwalimu lilinichoma.

Nikaanza, "Shangazi, siku ile nilikuko—"

"Kwanza kaa."

Akaweka chai. Nikanywa. Akaongeza. Nikanywa tena, ya moto, machozi yananitoka na hata sikuyapangusa. Yeye anakula mahindi yake punje kwa punje na kuniuliza kama Kitale mvua ni nzuri. Ukitaka kumwadhibu mtu wa kwetu mpe chai vikombe viwili na usimseme. Nilipomaliza cha pili ndipo akasema, "Haya, sasa sema."

Nikamweleza yote, ya Baba na ya rafu na ya zile alama. Nikamwomba msamaha kwa neno lile la kisima. Akafuta mikono kwenye leso, akatoa simu yake kifuani.

"Sijui kuitoa humo," akasema. "Tafuta wewe. Mama yako aliniambia mtu akiuliza nimpe, nisinyime mtu."

Nikafungua mitandao iliyohifadhiwa. Nenosiri la Mama lilikuwa maneno matatu yaliyoshikana, herufi ndogo tupu: *chaiikotayari*. Hakuna tarakimu, hakuna herufi kubwa, hakuna alama. Mwanafunzi akiniandikia hilo namnyima alama zote. Nikalisoma mara mbili, nikamwomba shangazi aje Jumapili na kigoda chake, ila akae barazani kwetu, si nje ya ua. Akasema ataona.

Nikarudi, nikafuta kazi yangu yote safi. Nikaandika jina la zamani. Nikaandika chai iko tayari bila nafasi kati ya maneno, nikahifadhi. Taa za rauta zikazima, zikawaka moja moja. Mimi na Baba tukasimama mbele ya rafu. Nilikuwa naogopa kuliko siku nilipopigiwa simu ya kifo, maana siku ile hapakuwa na la kungoja.

Simu ya Mama ikalia. Ikatulia. Halafu ikalia tena na tena, jumbe zote sita. Baba alikuwa anahesabu kwa vidole. Ilipomaliza akaketi kwenye kiti chake, akavua kofia, akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya hata kaburini.

Nikamwacha. Nikatoka barazani, nikakaa kwenye ngazi, nikafungua ule ujumbe wa dakika tatu.

Ulianza na kuku, kama nilivyodhani. Mmoja alikuwa ameangua kumi na wawili. Halafu Mama akasema waifai imekuwa baraka, shangazi amemwona mwanawe mpaka meno, na watoto wa shule wanakuja kusoma, nyumba imejaa watu. "Paswadi nimewapatia wote," akasema. "Wewe peke yako ndiye huna, kwa sababu hukuji. Mimi sikutumii kwa simu. Ukuje nyumbani, nitakwambia nikikuangalia."

Jua lilikuwa limefika kwenye mbao za zizi. Mwishowe nikabonyeza pa kusemea, nikasema, "Mama, nimekuja. Nimeipata kwa shangazi. Nisamehe." Nikaachilia kidole.

Ndani, kwa rafu, simu ikalia mara moja.

"Imefika," Baba akasema.