Chemchemi ya Chini ya Ukuta

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu Ochieng', nikiwa kijana kama wewe sasa, nimesimama kwenye shamba la mboga nikitazama maboti yakipita juu ya kichwa changu. Usicheke. Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya Dani, bibi yetu aliyetulea, ilikuwa chini ya ukuta wa bwawa, huko vilimani juu ya Nyamasaria, na ukuta wenyewe, wa udongo, ulikuwa mrefu kuliko paa lake. Ukisimama kwenye sukuma wiki na kuinua macho, unaona kofia za wageni zinapita polepole angani, na miavuli, na mara nyingine shela ya bibi harusi aliyeletwa kupigwa picha. Maji huyaoni. Unaona watu tu wanaelea, wanacheka, wanatoweka nyuma ya mikaratusi. Mpaka leo nikisinzia mchana, hao ndio ninaowaona.

Bwawa lile lilijengwa na mzungu wa miwa, zamani Dani akiwa bado msichana. Alitaka mahali pa kuendesha boti siku za Jumapili. Alipoondoka, bwawa likabaki, kamati ya wenyeji ikalichukua. Watu walikuja kutoka Kaloleni na vikapu vya chapati, wanafunzi wakaja kutoka Maseno na redio zao, na mimi, niliyeacha shule mapema, nikapewa makasia. Utasema, ziwa kubwa si tunalo, kidimbwi cha nini? Lakini ziwa kubwa lina viboko na gugu maji. Watu hupenda maji yasiyo na hasira.

Udongo nao huzeeka, mwanangu. Ile mikaratusi iliyopandwa juu ya ukuta kwa ajili ya kivuli ilikuwa imeingiza mizizi ndani kabisa. Kenge walikuwa na mashimo yao mle. Mlango wa chuma wa chini, ule wa kupunguzia maji, gurudumu lake lilishikwa na kutu hata Madam Perez, mwenye hoteli ya pale na mjumbe wa kamati, akawa anaanika juu yake vitambaa vya meza. Hayo yote tuliyaona kila siku, na kitu unachokiona kila siku mwisho wake hukioni tena.

Ndipo chemchemi ikatokea.

Mama yako Adongo, pacha wangu, ndiye aliyeiona kwanza, alipokwenda kupalilia nduma. Maji safi, baridi, yanachuruzika kwenye mguu wa ukuta, na hapo visima vya majirani vimekauka. Aliniita, tukayanywa kwa viganja. Ilipofika jioni akina mama walikuwa wamepanga foleni na ndoo. Jumapili iliyofuata Pastor Zablon akaja na waumini wake, wakaizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, akaibariki, akasema Mungu amewafungulia watu wake mwamba kama zile siku za jangwani. Waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliupandia maua.

Baadaye kidogo akaja injinia wa maji, kijana mwembamba, kwa matamshi yake ni mtu wa Ukambani. Alizunguka ukuta wote. Alichomeka fimbo, ikazama kama mwiko kwenye ugali. Pale kwenye chemchemi akachuchumaa muda mrefu. Kisha akamwambia mwenyekiti wa kamati, Ochola, mbele yetu sote, kwamba hiyo si chemchemi, ni bwawa linavuja. Wafungue mlango wa chini, wayateremshe maji taratibu, na watu wanaokaa chini wahame mpaka ukuta utengenezwe.

Ochola akamshika bega kama rafiki. "Injinia, Pasaka ndiyo hii imefika. Nikitoa maji, maboti yatakaa kwenye tope. Sasa nani huja kutazama tope, ndugu yangu?"

Watu wakacheka. Adongo naye akacheka, maana mama yako alikuwa na mdomo, akamuuliza yule kijana kama huko kwao amewahi kuona maji ya kutosha hata kuoga. Hapo Dani, aliyekuwa amekubeba wewe mgongoni, akamgeukia.

"Nyathina, mwanangu," akamwambia, kwa ile sauti yake ya chini, "mgeni akikuambia una mboga kwenye meno, usimuulize kwao wanakula nini."

Wiki ile ile alihamia kwa kaka yake kule juu kilimani, na wewe mgongoni, na kuku wake kwenye tenga. Walimcheka, wakasema bibi anamkimbia malaika wa chemchemi. Adongo na mimi tukawa tunalala huko kwake, lakini kukicha yeye hushuka shambani, mimi hushika makasia. Sukuma wiki ilikuwa imenona ajabu pale penye maji. Nani aache shamba la kijani wakati wa kiangazi?

Pasaka ikapita, wageni wakajaa, ukuta haukufanya lolote. Ochola akawa anatembea akiwauliza watu yuko wapi injinia wao. Siku chache baadaye Adongo akaniambia chemchemi imebadilika rangi, imekuwa kama chai ya maziwa. Akampelekea Pastor Zablon habari. Pastor akamjibu ni miguu ya waumini inayotibua, wapunguze msongamano.

Watu husema dalili ya mvua ni mawingu. Mchana ule, mwanangu, hakukuwa na wingu hata moja. Nilikuwa katikati ya bwawa, nimewabeba wanafunzi wawili wapenzi, mvulana anamsomea msichana kitu, msichana ameachia vidole vyake majini. Boti likaanza kugeuka lenyewe, pole pole, kama mtu anayekumbuka alichosahau nyumbani. Karibu na ukuta maji yalikuwa na kitovu, yanazunguka kimya. Nikavuta makasia kwenda ng'ambo. Nilipotazama nyuma, mkaratusi mmoja ulikuwa unazama ndani ya ukuta ukiwa umesimama wima, kama mtu anayeshuka ngazi. Halafu ukuta ukafunguka, na pale ulipofunguka nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona nikiwa ndani ya boti. Niliona paa la Dani.

Kisha sikuliona tena.

Boti letu likashuka taratibu mpaka likakaa kwenye tope, kama kuku anayelalia mayai. Wale wanafunzi wazima. Mimi mzima. Samaki wanarukaruka, jua linawaka, na lile tope ambalo Ochola hakutaka wageni waone, sasa tunalitazama wote. Mama yako tulimpata mbali sana huko chini, mafungu yake ya sukuma wiki bado yamefungwa kiunoni kwa kanga.

Nitawataja, kwa maana asiyetajwa hurudi. Ochola alikataa kuyateremsha maji. Alifia kitandani kwake, akazikwa kwa hema nyingi na hotuba. Madam Perez alisema fundi wa mlango ataitwa baada ya sikukuu. Pastor Zablon aliipa kasoro jina la baraka, na leo ana kanisa kubwa mjini. Watu huniambia, Opiyo, samehe, yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa kwenye ile kamati.

Sasa mtoto wa Ochola amesukuma udongo kwa tingatinga, ameliziba pengo, amepaka maboti rangi mpya. Na wewe amekupa ufunguo wa kibanda cha kukaangia samaki, pale chini, penye nyasi nzuri. Juzi nilikwenda kupaona. Ni pazuri, sikatai. Kila mahali pamekauka, pale tu ndipo kijani. Nikachuchumaa, nikagusa nyasi, vidole vikarudi vimelowa. Nikainua macho, nikaziona kofia zinapita angani, polepole, na kwa kitambo nikamsikia Adongo akiniita tunywe.

Basi shika haya. Maji yaliyotulia hayajalala, mwanangu, yameegemea. Ukiona unyevu chini ya ukuta, usiulize umeletwa na baraka gani, uliza maji yametoka wapi. Yakibadilika rangi, acha samaki kwenye mafuta, panda kilimani, mengine utayauliza ukiwa juu. Mtu akikuambia baada ya sikukuu, tazama yeye analala wapi. Na kabla hujawasha jiko lako, mwambie mtoto wa Ochola alizungushe lile gurudumu la mlango wa chini mbele ya macho yako. Likizunguka na maji yakatoka, njoo tuzungumze. Lisipozunguka, mrudishie ufunguo wake.

Mungu akupe maji ya kunywa, asikupe ya kukimbia. Akuoteshe mvi ambazo mama yako hakuziota. Na kila utakapotazama maboti, uyatazame ukiwa ukingoni, yakiwa chini ya macho yako, siyo juu ya kichwa chako.