Punda Amemuumbua Dalali

Leo punda amemuumbua dalali mchana kweupe, hapa hapa Garissa.

Mnajua tunahama kutoka Hadado. Watoto nimewaahidi kwamba huku hakuna kubeba mitungi ya maji tena.

Basi dalali, manukato yake yananukia mpaka barabarani, akanipeleka kwenye nyumba yenye geti la bluu. Wapangaji wametoka jana tu.

"Abaayo, dada yangu, huu ni mtaa wa watu wakubwa. Maji usiku na mchana, wallahi!"

Nikafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza.

"Wamefunga leo tu, dada yangu."

Leo tu. Haya.

Mara punda wa muuza maji akatokea, anavuta mkokoteni wa mitungi. Mwenyewe yuko nyuma huko anasalimiana na watu. Hakuna aliyemwita punda. Akaingia getini, akapita katikati yetu, akazunguka nyumba, akasimama mlangoni mwa jikoni akisubiri kushushiwa mzigo.

Dalali aliyeapa kwa Mungu ghafla akakumbuka ana simu ya kupiga.

Watu wa Garissa, madalali wenu siwataki tena. Nionyesheni mtaa ambao yule punda anapita bila kusimama.