Nyasi Alizoamriwa Aziache

Mjomba wangu amekata nyasi za bustani ya manispaa miaka thelathini na moja, na kama uliwahi kuona pale jani lililozidi kifundo cha mguu, basi uliliona kabla hajafika kazini. Watu walimsifu kwa bidii. Bidii gani? Ilikuwa hofu, na sisi wa nyumbani tuliijua.

Mjomba akiwa na miaka kumi na mitatu, babu alimwambia afyeke nyuma ya nyumba. Akasema atafyeka kesho. Kesho yake Kidoti, mdogo wake wa miaka sita, aliingia mle kufuata kifaranga, nyoka akamuuma. Mjomba alimsikia akimwita, akadhani ni ule mchezo wao wa kujificha. Hakwenda, na Kidoti akafia humo.

Mwaka huu ofisi iliamua sehemu ya chini ya bustani ikatwe mara moja tu kwa mwaka, ili mafuta ya mashine yapungue na nyuki na ndege wapate pa kukaa. Barua niliichapa mimi, karani wa pale. Ilisema atakayekata bila ruhusa atafukuzwa, na mjomba alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

"Mwanangu, ofisi yenu imenifunga mikono," aliniambia.

"Mjomba, si nyasi tu hizo?"

Alichukua fyekeo lake akatoka. Naona haya mpaka leo.

Nyasi zikafika kiunoni, naye akakonda. Kila mchana alisimama ukingoni na fyekeo lake kwapani, akipiga makofi na kukanyaga kwa kishindo kufukuza nyoka. Wapita njia walidhani akili zimemruka. Mimi aliniambia kwamba Kidoti yumo humo, anamwita.

Jumanne moja nilimpelekea chai. Mpira ukaviringika nyasini, mtoto wa kike akaufuata, nyasi zikamfunika.

Mjomba alitupa fyekeo akaingia mbio. Nikabaki nasikia makofi yake tu, yakienda mbali. Nilikaribia kulia. Kisha wakatoka, mtoto kakumbatia mpira, kamshika mjomba kidole.

"Babu, pale usikanyage," alikuwa akimwonya. "Kuna mayai ya ndege."

Akakimbilia kwa mama yake. Mjomba aliketi kwenye benchi.

"Safari hii nimekwenda," alisema.

"Umekwenda, Mjomba."

Akageuza sikio kule kwenye nyasi, akasikiliza kwa muda.

"Sasa mbona bado anaita?"