Kuta Mbili za Nyumba ya Babu

Nyumba ya babu hapa Mbugani ina kuta mbili pale panapotosha ukuta mmoja. Zinakwenda sambamba kutoka chumba cha nyuma hadi jikoni, na kati yake pana ujia usio na dirisha, mwembamba hata aliyebeba sinia hupita kwa ubavu. Mengine nayaelewa. Msingi umeinuliwa kwa sababu ya mafuriko. Baraza inatazama barabara kwa sababu babu, mfanyabiashara aliyetoka pwani, aliuza vitambaa na chumvi pale. Ujia huo tu ndio sikuuelewa, nami nimezaliwa humu na Mungu amenijalia kuzeekea humu, alhamdulillahi.

Mwaka huu mwanangu wa mwisho aliposa binti wa Kinyakyusa kutoka Ngonga, akaleta fundi.

"Baba, tukivunja ukuta wa ndani tunapata chumba cha kutosha. La sivyo nitakwenda kupanga na mke wangu."

Fundi akaugonga kwa nyundo. "Haubebi paa huu, mzee. Aliyejenga alikuwa na matofali ya kuchezea?"

Nikawaomba wasubiri. Sababu sikuwa nayo. Nikamwendea shangazi, mtoto wa mwisho wa babu, ndiye pekee aliyebaki.

Akacheka. "Na elimu yako yote ya chuoni! Mama yako si Mnyakyusa? Kwao mkwe wa kike hamtazami baba mkwe. Alipoletwa alijifungia chumbani na njaa yake, anaogopa kupita ukumbini."

"Lakini kwetu baba mkwe ni maharimu, shangazi. Ni halali kuonana naye."

"Babu yako alimwambia hivyo hivyo, kupitia mlangoni. Mama yako akasema ndaga, ahsante, akaendelea kukaa na njaa. Ndipo babu yako akaita fundi."

Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nilikumbuka siku tuliyomzika babu. Nilikuwa mtoto. Mama, macho yamevimba kwa kulia, alinivuta kando akaniuliza, "Alikuwa mrefu?" Nilidhani msiba umemvuruga akili. Babu naye, kila alipotaka kwenda uani, alikohoa kwanza. Baba alikohoa. Mimi nakohoa. Siku zote nilisema ni vumbi.

Je, ulikuwa ukuta wa heshima, au wa kutengana? Niliswali, nikaomba kuonyeshwa. Sikuona kitu. Mwishowe nikamwambia mwanangu amuulize mchumba wake kama naye atanikwepa. Akampigia simu palepale, nikasikia kicheko.

"Mwambie baba nitamwona kila siku! Chai atapelekewa na nani?"

Nikatoa ruhusa. Ukuta ukavunjwa, ndoa ikafungwa, na chumba chao kina nafasi na mwanga. Namshukuru Mungu hawakwenda kupanga.

Asubuhi ya leo nikielekea uani nilifika pale ukuta ulipokuwa, nikakohoa. Mkwe wangu akatoka jikoni na kikombe, akanitazama usoni.

"Shikamoo, baba. Kifua kinakusumbua?"

Nikaitikia marahaba, nikapokea chai. "Ni vumbi tu," nikamwambia.